Nimelipia "nafasi ya jeshi la Ufaransa" hapa Mwanza: wakala, kocha na mwalimu, yupi anastahili hela yako

Nauza dagaa wa jumla Mwaloni, Kirumba, mwaka wa 14 huu. Nasema mapema msije mkategemea mtaalamu wa majeshi. Ninachokijua ni kukagua mzigo. Mtu akinifungulia gunia siangalii la juu, natia mkono mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu juu kila muuzaji huweka dagaa wa kwenye chanja, safi, wanang'aa kama sindano. Wa mchangani wamelazwa chini. Mchanga ni mzito na mizani haiulizi.

Safari hii nilitia mkono nikiwa nimeshalipa.

Huduma zenyewe ni tatu, zote hapa hapa mjini, zote nimezigharamia mwenyewe kati ya Machi na Agosti: wakala wa "ajira za kijeshi nje", kocha wa mazoezi na mwalimu wa Kifaransa. Mlengwa ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu, miaka 24, ambaye ameng'ang'ania kuingia jeshi la kigeni la Ufaransa, Légion étrangère. Nyumbani tunaliita Lejioni, yatosha. Majina ya watu sitaji. La wakala kwa sababu sina hamu ya kesi, la kocha na mwalimu kwa sababu hawajanituma.

Chanzo ni simu. Jioni moja Kitinda alimwonyesha mama video ya gwaride la Paris la tarehe 14 Julai. Vikosi vyote vimepita, nyuma kabisa wakaja wanaume wenye madevu, aproni za ngozi kifuani na mashoka begani, wanatembea polepole kama wanasindikiza jeneza. Mama akavaa miwani. "Hawa wachinjaji wa machinjio gani?" Kitinda akamweleza kwamba hao ndio wafungua njia wa Lejioni, kwamba wao hutembea hatua 88 kwa dakika wakati wengine hutembea 120, ndiyo maana huwekwa mwisho wasiwacheleweshe wenzao. Alikuwa ameyakariri yote. Mtoto ambaye jedwali la saba lilimshinda.

Namwelewa tu. Alijitolea JKT Rwamkoma, kule Mara, akarudi na cheti na kifua. Akaomba ajira mara tatu, kimya. Akaenda machimboni Geita, akarudi na kikohozi na deni la turubai. Tangu hapo anasukuma mkokoteni wangu kutoka mwaloni hadi stoo, na kila akipita karibu na vijana wa rika lake anavuta kofia usoni. Mimi dada yake naona. Kwa hiyo aliposema kuna ofisi mjini inapeleka watu Lejioni, niliosha mikono nikaenda naye.

Ofisi iko ghorofa ya pili, ngazi nyembamba, lakini ukifika juu kuna hewa: feni mbili, viti vya sponji, binti wa mapokezi aliyetupa shikamoo na maji ya chupa kabla hatujasema shida yetu. Ukutani bango kubwa la askari wamevaa bereti nyekundu, na maandishi: nafasi za Afrika Mashariki, zimebaki 3. Kitinda akaniangalia, nikajua ameshahama.

Wakala akatoka ndani, suti ya bluu, anatabasamu. "Karibu sana, dada yangu. Huyu ndiye komando wetu?" Kitinda akanyoosha mgongo. Mauzo yaliisha hapo, mengine yote yalikuwa karatasi.

Bei ya kifurushi ni 1,850,000, kianzio 650,000. Ndani yake mna fomu ya maombi, barua ya mwaliko kutoka Lejioni, "visa ya kijeshi", malazi na chakula wakati wa majaribio, na kitabu cha maandalizi. Mshahara wa kuanzia, alisema, ni euro 5,000 kwa mwezi, na baada ya miezi sita unaita mke. Niliomba risiti ya mashine, nikaambiwa mashine iko matengenezo. Nikalipa kwa simu. Jina lililotokea kwenye muamala halikufanana na la kwenye bango. Nililiona kabisa, nikabonyeza namba ya siri hivyo hivyo.

Najilaumu kwa hilo kuliko yote. Ilikuwa wiki ya giza, mzigo unatembea, mkono mwepesi. Kwa msiojua, dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapumzika na sisi tunabaki kuhesabu madeni. Hiyo 650,000 kwangu ni faida ya giza zima.

Kitabu cha maandalizi kilikuja kwenye WhatsApp, kurasa 38, Kiswahili kilichotafsiriwa na mashine ambayo haijawahi kufika hata Misungwi. Sehemu ya majaribio iliandikwa "mgombea atavuta baa mara nne". Kitinda aliniuliza kwa dhati kabisa kama majaribio yanafanyikia baa. Mahali pengine palisema "Nahodha Danjou alikuwa mkono wa kuni". Tukaisoma mara tatu. Mama akasema labda ni mgonjwa.

Barua ya mwaliko ilikuja wiki mbili baadaye, ina mhuri wa rangi mbili na neno "Legion" limeandikwa kwa namna mbili tofauti kwenye ukurasa mmoja.

Mwalimu wa Kifaransa ndiye aliyelifungua gunia. Tulikuwa tumeshaanza kwake, nitamfikia. Nilimpelekea barua anisomee. Akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma tena. Halafu akafungua tovuti ya Lejioni yenyewe kwenye simu yake akaniambia, "Dada, kaa." Akanitafsiria mstari kwa mstari. Kuandikishwa ni bure. Hawana wakala popote duniani. Hawapokei maombi kwa barua wala fomu kutoka mbali. Unakwenda mwenyewe hadi Ufaransa bara, unagonga geti, na mageti makubwa ni mawili: Fort de Nogent nje kidogo ya Paris, na Aubagne karibu na Marseille ambako ndiko makao yao makuu. Ukishaingia kwenye majaribio, kitanda na chakula ni juu yao. Kuhusu visa hawamsaidii mtu. Unaomba ya kawaida, Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, ada euro 90, ukinyimwa hairudi.

Nilichukua chaki yake nikaandika vitu vitano vya kifurushi ubaoni nikaanza kuvikata. Fomu, haipo. Mwaliko, haupo. Visa ya kijeshi, haipo. Malazi, ya bure. Kikabaki kitabu, kile cha baa. Ni kama mtu aniuzie kiingilio cha kuangalia Jiwe la Bismarck, lile la ziwani, kutokea barabarani.

Hata bango lilikuwa la uongo. Bereti ya Lejioni ni ya kijani. Nyekundu ni ya makomandoo wa miamvuli wa jeshi la kawaida la Ufaransa. Kitinda alikuwa analijua hilo siku zote na hakusema, kwa sababu alikuwa hataki liwe kweli.

Mimi mtu wa sokoni, sikwenda kupiga kelele kwanza. Nilirudi pale na mume wangu. Ana miaka 43 na kitambi cha mtu anayelipwa kwa wakati. Nikamwambia wakala kwamba huyu shemeji wa Kitinda naye ameshawishika, je, umri? Lejioni inapokea kuanzia miaka 17 na nusu hadi 39 na nusu, mwisho. Wakala akamtazama mume wangu kuanzia viatu hadi kichwani. "Tunaweza kupanga, ila ina gharama yake kidogo." Nikauliza na wanawake je. Akasema wanawake wanapokelewa upande wa jikoni. Nikacheka mpaka machozi. Lejioni ni wanaume tu. Mwalimu ananiambia katika historia yao yote aliyewahi kuandikishwa rasmi ni mwanamke mmoja, Susan Travers, Mwingereza, dereva wa Jenerali Koenig kwenye vita vya Bir Hakeim mwaka 1942. Huyo aliendesha gari katikati ya risasi usiku jangwani. Jikoni!

Nilipodai hela yangu uso ulibadilika. Kwanza kianzio hakirudishwi. Pili nilete mdogo wangu wazungumze kiume. Tatu, akashusha sauti, kama Ufaransa ni ngumu ipo njia ya Urusi, visa si tatizo, mshahara mara tatu, mkataba mnasaini mkifika. Hapo sikucheka. Sote tunamkumbuka yule kijana wa Kitanzania aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa, akaahidiwa msamaha akikubali kupigana, akafia Ukraine Oktoba 2022. Mwili wake ulifika nyumbani Januari 2023. Mama yangu alizima redio siku ile na hakuiwasha hadi jioni. Na huyu mtu anaitaja kama vile ananiambia daladala ya Igoma imejaa panda ya Buhongwa.

Kesho yake asubuhi nilipanda zile ngazi na gunia la dagaa wa kuku. Wale wa mchangani, waliolala na mvua siku mbili. Nikaliweka chini ya feni, nikakaa kwenye kiti cha sponji, nikatoa ukili wangu nikaanza kusuka. Sikumtukana mtu. Kila mteja aliyeingia nilimwamkia. Wengi walifika mlangoni, wakakumbuka wana shughuli nyingine. Binti wa mapokezi alikuwa analia kwa harufu na kwa kicheko. Kufika saa saba mchana simu yangu ililia: 400,000. Nikasubiri hadi saa tisa, nikaona basi, hizo 250,000 nitazihesabu ni karo. Nikabeba gunia langu. Binti akanisaidia upande mmoja kushuka ngazi, akaninong'oneza, "Mama, ulichelewa kuja na hilo."

Nampa wakala nyota moja kati ya tano, nayo ni ya yule binti.

Sasa mwalimu. Yuko Mabatini, ni Mrundi aliyekaa Mwanza hadi Kiswahili chake kimeota Kisukuma. Anafundishia barazani, ubao ni mlango wa zamani uliopakwa rangi nyeusi, kitasa bado kipo. Somo ni 5,000, siku tatu kwa wiki. Kasoro zake nitazisema: anachelewa. Mvua ikinyesha hakuna somo kwa sababu baraza linavuja juu ya ubao. Na ukimuuliza swali dogo anakupeleka mbali sana. Ila ana ufundi. Zile sauti za Kifaransa za puani ambazo zinawashinda watu, yeye anasema, "Wewe Msukuma una ng' bure toka tumboni, tumia." Anaanza na ng'ombe, anaikata katikati, anakuacha na sauti hewani, halafu anakubandika neno la Kifaransa mwishoni mwake. Kitinda kaelewa siku ya kwanza. Sasa hivi anaagiza mkate dukani kwa Kifaransa na mwenye duka anampa sabuni.

Wala Kifaransa si sharti la kuingia. Wanachotaka ni ujue kusoma na kuandika lugha yako. Lugha wanakufundisha wenyewe kwenye mafunzo ya mwanzo, miezi kama minne, Castelnaudary, kusini, na asiyejua anapangwa na anayejua. Lakini mwalimu anasema kufika unaelewa amri za kusimama, kukaa na kukimbia kunakupunguzia matusi wiki za mwanzo. Nakubaliana naye. Hela hiyo inabaki kichwani kwa mtoto hata asipofika Ufaransa.

Na nikiri, kule mbali anakotupeleka ndiko nilikopata thamani yangu. Yule nahodha wa mkono wa kuni alikuwa mtu kweli. Alipoteza mkono, akavaa wa mbao. Tarehe 30 Aprili 1863 huko Meksiko, kijiji cha Camarón, yeye na wenzake, jumla 65, walipambana kutwa nzima na Wameksiko wapatao 2,000. Akafa. Ule mkono wa mbao uko Aubagne hadi leo, kila 30 Aprili unatolewa na kutembezwa mbele ya askari kama masalia ya mtakatifu. Kitinda macho yalimlowa. Mimi nilikuwa nahesabu: 65 waliingia, wangapi walitoka? Mwalimu akasema wachache sana. Nikamwambia Kitinda, hilo nalo likariri.

Ni mwalimu huyo huyo aliyetueleza kwamba jeshi lenyewe lilianzishwa mwaka 1831 na mfalme Louis-Philippe, kwamba leo lina watu kama 9,000 kutoka mataifa zaidi ya 100, na vikosi vyao vimetawanyika: wa miamvuli wako Calvi kwenye kisiwa cha Korsika, wengine Kourou, Guyana ya Ufaransa, wanalinda kituo cha kurushia roketi na kuwafukuza wachimbaji haramu wa dhahabu msituni. Hapo nilimwangalia Kitinda, mtu aliyelala mashimoni Geita. Akasema, "Dada, nitawaonya kwanza wakimbie." Wana kikosi kidogo Mayotte pia, hapo jirani na Wangazija, ambako wenyeji wanasema Kimaore, binamu wa Kiswahili chetu. Huko ndiko anakoomba Mungu apelekwe. Kana kwamba wanauliza.

Mkataba wa kwanza ni miaka 5. Unaingizwa kama kapera hata kama una mke na watoto watatu. Kitinda ana mchumba Magu na ng'ombe wa mahari wameshatajwa idadi, kwa hiyo ile "baada ya miezi sita unaita mke" ilikuwa mchanga mtupu. Mshahara wa kuanzia unazidi euro 1,300, kula na kulala bure. Ni hela, tena nzuri kwa mtu wa mkokoteni, lakini haifiki hata theluthi ya ile aliyoitaja wakala. Ukitumikia miaka 3 unaweza kuomba uraia wa Ufaransa. Ukijeruhiwa vitani kuna sheria yao ya mwaka 1999 inayokupa haki ya kuuomba papo hapo, wanauita Ufaransa kwa damu iliyomwagika.

Mama alikuwa amekaa pembeni anachambua mchicha siku niliyomsimulia hili. "Kwa hiyo akimwaga damu anapewa karatasi?"

Ndiyo mama, karatasi. Na ya kwetu anairudisha, kwa sababu Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mama akaendelea na mchicha. Zamani, mwalimu alisema, walikuwa wanakulazimisha hata kubadili jina unapoingia, siku hizi si lazima. Hilo nilimficha mama. Kitinda kapewa jina la babu yake mzaa baba, na kuna mambo hayasemwi kwa mtu anayeshika kisu.

Swali moja tu mwalimu hakunijibu. Nilimuuliza, kwenye fomu ya visa huyu mtoto ataandika anakwenda kufanya nini? Wanataka tiketi ya kurudi, bima ya euro 30,000, taarifa ya benki. Mtu anayekwenda miaka 5 ana tiketi gani ya kurudi? Na akiandika uongo, si ndio anaanza safari kwa kosa? Mwalimu akafuta ubao taratibu kuanzia juu. Pale ndipo safari nzima ilipofungwa kwa vijana wetu, na hakuna mtu wa ghorofa ya pili mwenye ufunguo wake. Mzungu wa Ulaya anapanda treni asubuhi, mchana anagonga geti Aubagne. Kitinda anahitaji kwanza kwenda Dar kuweka vidole na kumridhisha mtu ambaye kazi yake ni kutoridhika.

Mwalimu nampa nyota nne. Ya tano akitengeneza baraza.

Nimemweka kocha mwisho kwa sababu ndiye ningemlipa tena kesho. Ni mstaafu wa jeshi letu, mfupi, mweusi wa kung'aa, magoti yote mawili yana makovu. Anafundishia Furahisha, pembeni ya kiwanja, kwenye chuma chake mwenyewe alichokisimamisha kati ya nguzo mbili. Ni 2,000 kwa asubuhi moja, unalipa ukimaliza, na ukitapika kabla ya mwisho anakusamehe 500. Wateja wake ni mchanganyiko: wanaosubiri nafasi za jeshi na polisi, mabaunsa wawili, mama mmoja wa benki anayepunguza mwili kwa ajili ya harusi ya bintiye.

Siku ya kwanza Kitinda alikwenda na cheti cha JKT kwenye bahasha. Kocha akasema, "Bahasha weka chini. Shika chuma." Kiwango cha chini cha Lejioni ni kujivuta mara 4, mikono imenyooka kabisa ukiwa chini, kidevu kipite juu ya chuma, hakuna kurusha miguu. Kijana wangu alikwenda mbili. Ya tatu alitapatapa kama sato kwenye ndoano, akaanguka. Kule kambini walikuwa wanapiga pushapu mia, akadhani ni misuli ile ile. Kumbe ya mgongoni ilikuwa imelala usingizi. Kocha alimzunguka akasema maneno ambayo siwezi kuyaandika, halafu akanigeukia, "Samahani, dada." Halafu akaendelea.

Mbio alizimudu vizuri zaidi. Wanaweka chupa mbili umbali wa mita 20, simu inatoa mlio, unatakiwa uwe umefika chupa ya pili kabla ya mlio unaofuata, na kila dakika hivi mlio unaharakishwa. Inaanza kama matembezi ya jioni Capri Point, baada ya dakika chache unaona nyota. Lejioni wanataka ufike ngazi ya 7. Kitinda alifika ya 9 siku ile ile, shukrani kwa mkokoteni wangu. Kocha hakumsifu. Alimwambia anayekwenda na mivuto minne anakwenda kuaga, na kwamba hatamwachia mtu wake aondoke Mwanza kabla ya kumi na mbili safi.

Tena ni yeye aliyemfungua mdomo kama mnunuzi wa punda. "Hili jino bovu. Watakurudisha kwa hili." Wanakagua meno, macho, masikio, mgongo, mpaka miguu. Sikuwa nimefikiria. Tulilishughulikia jino kwa hela ndogo kuliko nauli ya kwenda Dar, na mtoto aliyekuwa anatafunia upande mmoja kwa miaka miwili sasa anatafunia pande zote. Katika ile 650,000, hakuna aliyemwangalia mdomoni.

Kasoro za kocha: matusi nimeshasema. Mara mbili hakutokea bila taarifa, watu zaidi ya kumi tumesimama kwenye umande, baadaye tukasikia alikuwa msibani Sengerema. Na hatoi risiti yeye pia, lakini kwa 2,000 sitamkaba mtu.

Nyota tano. Nimempa tano hata baada ya kumwita mdogo wangu jina la mdudu.

Najua mtaniuliza, kwa hiyo Kitinda anakwenda? Sijui niwajibu nini. Pasipoti ameshaipata. Ana kibubu cha bati chini ya kitanda changu, anatia 5,000 kila siku mzigo ukitembea, wiki za mbalamwezi hatii kitu. Visa hajaomba. Amefika mivuto 9. Juzi nilimkuta stoo ananing'inia kwenye boriti katikati ya magunia, anahesabu kwa Kifaransa, alipofika "huit", nane, akaniona akaongeza moja.

Kwa atakayetaka kwenda kwa kocha: anaanza saa kumi na moja na nusu alfajiri na geti lake ni saa, ukichelewa dakika tano unakimbia peke yako. Uje na maji yako, pale hakuna. Viatu vyovyote, hata raba za shule. Na beba kitambaa kikavu kutoka nyumbani, maana asubuhi ziwa linapumua na kile chuma kinateleza. Kitinda alishaanguka mara mbili kabla hatujajua.